Koti la Mkuu wa Teknolojia

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Jina lenyewe liko kwenye ukarabati. Lilipelekwa kwa tume miaka mingi iliyopita ili lifanywe la kisasa, na tume bado inakunywa chai. Raia wake wakifika mpakani na kuulizwa wanatoka wapi, hugeuka nyuma wakaonyesha kwa kidole, na maofisa wa nchi jirani, ambao ni watu waungwana, huwagongea muhuri wakapita.

Katika nchi hiyo kuna mtaa unaitwa Bondeni, na Bondeni kuna jumuiya ndogo ya maji, na katibu wa jumuiya hiyo ni mwanamke mwembamba aitwaye Mwanamkasi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa huruma vilevile. Mali ya jumuiya ilikuwa kisima, pampu, na tangi kubwa la zege lililokaa juu ya kilima. Chini ya kilima nyumba zimebanana, na iliyo karibu na tangi kuliko zote ni ya mama yake Mwanamkasi, Bi Kidawa, aliyevunjika nyonga akianua nguo na tangu siku hiyo akawa mtu wa kitandani. Ukilala kwenye kitanda cha Bi Kidawa ukatazama dirishani, huoni mbingu. Unaona tangi.

Zamani, kabla ya maendeleo, watu wa Bondeni walikuwa na mtindo wao. Mlinzi wa pampu anawasha asubuhi. Tangi likijaa, maji yanaanza kuchuruzika kwenye kibomba cha pembeni, Bi Kidawa anayaona kutoka kitandani, anapiga ukelele, "Limejaaa!" Jirani wa kwanza anaupokea, wa pili anaupokea, ukelele unateremka nyumba kwa nyumba mpaka kisimani, na mlinzi anazima. Bi Kidawa aliipenda kazi hiyo. Mtu asiyeweza kushuka kitandani, lakini mtaa mzima unapata maji kwa sauti yake, hujiona bado yumo duniani.

Serikali ilipopata habari hizo iliona aibu sana.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri wa Mambo ya Kisasa, akiwa juu ya jukwaa lililojengwa kwa ajili ya siku hiyo na kubomolewa jioni yake, "hivi kweli, katika zama hizi, mashine inazimwa kwa ukelele wa bibi kizee? Wenzetu wanaokwenda mwezini na kurudi wakisikia, watatuonaje?"

Watu walipiga makofi, maana kulikuwa na soda.

"Mashirika makubwa," aliendelea Waziri, "yana Wakuu wa Teknolojia. Wanakaa ghorofani, wanalipwa vizuri, wananenepa. Je, mwoka mikate hana haki ya kuongozwa? Zahanati haina haki? Jumuiya ya maji haina haki? Serikali yenu sikivu imesikia. Kila taasisi ndogo na ya kati itapata Mkuu wa Teknolojia wa kwake, tena kwa bei ya kutupa!"

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Nchi nzima ilikuwa na Mkuu wa Teknolojia mmoja, Injinia Gervas Rutatora, aliyesomea ng'ambo na akafanya kosa la kurudi. Taasisi ndogo zilikuwa hazihesabiki. Wataalamu walifungiwa hotelini wajadili namna ya kumgawa mtu huyo bila kumdhuru. Mmoja alisema agawanywe kwa siku, mwingine akasema kwa saa, na mmoja mwenye haraka alianza kusema agawanywe kwa viungo, wenzake wakamvuta shati. Hatimaye alisimama katibu mkuu fulani ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mkutano uanze.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nimeongoza idara yangu muda mrefu, na siku nyingi siko ofisini. Mnajua ninavyofanya? Natundika koti kwenye kiti. Mtu akija kuniulizia, karani anamwambia, 'Bosi yupo, si unaona koti lake pale?' Kazi zinakwenda. Sijapata kusikia malalamiko."

Kila mjumbe aligeuka kutazama ukumbini, na ni kweli, viti vilikuwa vimejaa makoti, ila watu walikuwa wachache. Azimio lilipita bila kupingwa. Mafundi cherehani waliitwa, yakashonwa makoti ya rangi ya samawati iliyoiva, na sheria ikatungwa kwamba koti rasmi likiwa kwenye kiti, Mkuu yupo.

*

Koti la Bondeni liliwasili kwa gari lenye king'ora. Mwanamkasi alilipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akalivika kiti kilichonunuliwa kwa ajili yake na kuwekwa kwenye chumba cha pampu, mbele ya swichi. Pamoja na koti ilikuja kompyuta, na kifaa cha kutumbukizwa tangini kipime maji, na mtu wa kuziba kile kibomba cha pembeni kwa saruji. Ofisa aliyewaleta alieleza kwamba tangi la kisasa halichuruziki. Kuchuruzika ni dalili ya kutojiamini.

Kisha akasoma Sheria ya Heshima ya Mitambo. "Kuanzia leo hakuna ruhusa ya mtu yeyote kuwasha, kuzima, kugusa wala kuikaripia mashine hii bila neno la Mkuu. Na Mkuu ni huyu hapa." Akalielekezea koti kidole, kisha kwa adabu akakirudisha kidole haraka.

"Atakayemsogelea ni nani?" aliuliza Mwanamkasi. "Maana vumbi la hapa unalijua."

"Katibu peke yake. Utampangusa kila asubuhi kwa brashi. Mwingine yeyote akimgusa, mlinzi atatumia akili yake."

Mlinzi huyo aliyepewa kutumia akili yake, pamoja na bunduki, alikuwa Koplo Mtweve, mtu mpole mwenye watoto wengi. Koplo hakuwa na ubaya na mtu. Lakini alikuwa na rafiki aliyelinda mashine ya kukoboa mpunga mkoa mwingine. Mashine ilishika moto, rafiki akaizima bila neno la Mkuu, na sasa anatumikia uhamisho kwenye ziwa lililokauka. Analilinda lisiibwe. Mkewe hupata salamu zake mara mojamoja, akisema hali ya ziwa ni shwari.

Bi Kidawa alistaafishwa. Walimletea kanga na cheti chenye picha ya Waziri, wakamwomba asipige tena ukelele. Alikigeuza kile cheti ukutani na hakusema kitu siku nzima, na Mwanamkasi, aliyemjua mama yake kwa kuongea mpaka usingizini, aliumia kuliko kama angemsikia analia.

Watu huzoea. Wakipita chumba cha pampu walisema, "Shikamoo Mkuu," nalo koti halikuitikia, wakaona kweli huyu ni mkubwa. Kwenye vikao Mwenyekiti wa jumuiya aliuliza, "Mkuu ana neno?" Koti likakaa kimya, Mwenyekiti akasema Mkuu ameafiki, wakaenda zao nyumbani. Mwanamkasi alipangusa vumbi kila asubuhi. Mara nyingine, akiwa peke yake, alilipiga brashi kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

*

Asubuhi moja Mwanamkasi alipita kwa mama yake kama kawaida, akiwa na haraka kama kawaida.

"Kaa ule," alisema Bi Kidawa. "Jirani ameleta mihogo, ya moto."

"Nachelewa, mama. Nitakula nikirudi."

"Wewe siku moja utaanguka njiani, waseme mama yake alimnyima chakula." Kisha akatazama dirishani. "Hebu njoo. Lile tangi tangu lini linatoka jasho?"

Mwanamkasi aliinama usawa wa mto wa mama yake akachungulia. Ukuta wa tangi, mkavu siku zote, ulikuwa unameremeta. Kutoka ukingoni kuteremka chini kulikuwa na mstari mwembamba, mweusi, na kwenye mstari ule maji yalikuwa yanatokeza taratibu. Chini kabisa, mbali, pampu ilikuwa inanguruma bila wasiwasi wowote.

Alikimbia mpaka viatu vikamvuka. Chumbani, kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika kwa herufi za kijani: TANGI TUPU. ENDELEA. Kile kifaa cha kupima kilikuwa kimekufa humo majini bila kuaga, na kompyuta, isiyo na macho wala jirani, iliendelea kusukuma maji kwenye tangi lililojaa mpaka shingoni.

"Koplo, zima!"

Koplo Mtweve alikuwa amesimama mbele ya swichi, jasho linamtoka naye. "Mkuu amesema?"

"Mkuu gani? Hilo ni koti!"

"Katibu, shusha sauti," alinong'ona Koplo kwa hofu ya kweli. "Yupo hapo."

Mwanamkasi alimtazama, akaona hatanii. Basi akasimama mbele ya kiti, mikono mbele, akijiona mjinga wa kupigiwa mfano. "Mkuu, shikamoo. Tangi limejaa, linapasuka. Tuzime?"

Koti lilikaa kimya.

"Haya, umeona? Kimya chake ni kuafiki. Kila siku kwenye vikao ni hivyo."

Koplo alifikiri kwa bidii. "Ameafiki, sikatai. Lakini ameafiki hali iliyopo."

Mwanamkasi hakungoja zaidi. Alitoka nje akaita watu. Walifungua mabomba yote ya mtaa, wakajaza ndoo, mapipa, masufuria, hata beseni za kuogea watoto, lakini pampu ya kisasa ilikuwa na nguvu kupita kiu yao. Walikwenda ofisi ya umeme waombe mtaa ukatiwe, wakaambiwa jambo hilo ni la kiteknolojia na wasubiri, Mkuu wa ofisi yupo, si wanaliona koti lake. Wenye nyumba za chini walianza kutoa magodoro. Vijana wanne walikwenda kumbeba Bi Kidawa, naye aliwafukuza kwa fimbo.

"Mkininyanyua nyonga inakatika tena, daktari alishasema! Na mkinibeba mimi, nani atambeba bibi wa nyumba ile, na yule aliyejifungua juzi? Nendeni mkazime kidude chenu. Kuzima ni kazi ndogo kuliko kubeba wazee."

*

Mwanamkasi alipiga simu kwenye kiwanda cha mikate, maana alisikia Mkuu hupendelea kukaa huko.

"Yupo, ndiyo, amekaa," alijibu mwenye kiwanda, akikohoa.

"Amekaa yeye mwenyewe au koti?"

"Dada yangu, kwani kuna tofauti? Ukimpata yule wa kwenu mwambie na sisi tanuri limekwama. Tunaoka makaa tangu jana."

Alipiga zahanati, akapiga shule, akapiga chama cha wafugaji. Kote Mkuu alikuwepo. Sijapata kusikia nchi nyingine iliyo na kiongozi mchapakazi kiasi hicho. Mwanamkasi akaona hapa ni kwenda Makao Makuu, akapanda pikipiki, akamwambia dereva aendeshe kama anayekimbiza mwizi.

Makao Makuu ya Uongozi Nafuu ni jengo la vioo ambalo lifti yake inasubiri neno la Mkuu. Alipanda ngazi mpaka juu, akamkuta Mkurugenzi wa Makoti, Bwana Sudi Makalanga, mtu mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi.

"Karibu, mama, karibu sana. Kwanza pongezi. Bondeni mnafanya vizuri, hatujawahi kupata malalamiko kutoka kwa koti lenu."

"Mheshimiwa, tangi linapasuka. Namtaka Mkuu mwenyewe, mtu, mwenye mdomo, aseme 'zimeni'. Neno moja tu."

Bwana Makalanga alitabasamu kwa masikitiko. "Mtu? Mama, mtu si uongozi nafuu tena. Mtu anaugua. Mtu anakwenda msalani. Mtu unamuuliza swali leo anajibu hivi, kesho anasema sijui. Koti lina msimamo." Akajimiminia maji. "Hilo tangi limeshapasuka?"

"Bado."

"Basi hakuna tukio. Tutaripoti nini? Subirini litokee, tuunde kamati. Na kamati zetu, nakuhakikishia, zina posho nzuri, hata wewe nitakuweka."

"Chini ya tangi amelala mama yangu!"

"Mpe salamu zangu," alisema Bwana Makalanga, na alizisema kwa moyo mweupe kabisa.

Mwanamkasi alishuka zile ngazi akilia kwa hasira, kile kilio cha mtu anayetaka kumpiga mtu na hajui ampige nani. Langoni alikuta mwanamume wa makamo, amevaa shati jeupe lililofifia, anabishana na askari.

"Nimekwambia mimi ndiye Mkuu wa Teknolojia. Hii ni ofisi yangu. Niruhusu nichukue hata miwani yangu."

"Mzee, kila siku wewe," alisema askari kwa uchovu. "Mkuu yuko ndani, amekaa kwenye kiti chake tangu asubuhi. Wewe huna hata koti."

Mwanamkasi alimshika yule mtu mkono. "Wewe ndiye Injinia Rutatora?"

"Ndiye," alijibu. Alikuwa amejikumbatia kwa baridi. "Walianza na koti langu la kazini, wapate vipimo. Kisha wakachukua la akiba. La harusi limepelekwa makumbusho. Tangu hapo sijaingia mlango wowote wa ofisi katika nchi hii."

"Kuzima pampu ya Bondeni kunataka nini?"

Injinia alishangaa, kwa sababu siku nyingi hakuna aliyemuuliza swali la kazi. "Kunataka kidole," alisema.

Walipanda pikipiki watatu.

*

Waliisikia Bondeni kabla hawajaiona. Mlio mkavu, mmoja, ulitoka kilimani, na baada yake kelele za watu. Ule mstari mweusi ulikuwa umepanuka, na maji yalikuwa yanaruka kutoka ukutani yakipiga bati la Bi Kidawa. Katikati ya zile kelele ilisikika sauti ambayo mtaa haukuwa umeisikia tangu kustaafishwa kwake.

"Limejaaa! Jamani, limejaaa!"

Na hakuna aliyeupokea ukelele. Walisimama milangoni na magodoro kichwani, wakatazamana, kila mmoja akikumbuka sheria na kutazama pembeni. Mwanamkasi hajapata kuwachukia watu wake kama dakika ile, na aliwachukia huku akijua kwamba na yeye asubuhi aliliamkia koti.

Injinia aliingia chumba cha pampu akajikaza kiume. "Koplo, mimi ni Mkuu wa Teknolojia wa nchi hii. Zima."

Koplo Mtweve alimtazama yule mtu, akalitazama koti, akamtazama tena. Uso wake ulikunjamana kwa huruma. "Mzee wangu, nakuomba utoke. Mkuu yupo kitini. Wakuu hawawezi kuwa wawili."

"Basi nipe nilivae!"

Bunduki ilipanda. Mikono ya Koplo ilikuwa inatetemeka, na bunduki inayotetemeka inatisha kuliko iliyotulia. "Asimsogelee! Mtu yeyote asimsogelee Mkuu! Nina watoto mimi, mzee, usinifanyie hivi!"

Mlio wa pili ulisikika kilimani, mzito kuliko wa kwanza. Vumbi la chokaa lilidondoka kutoka darini likatua taratibu kwenye mabega ya koti.

Mwanamkasi aliliona lile vumbi.

"Koplo," alisema kwa sauti aliyoitafuta mbali, "Mkuu amechafuka."

Akachukua brashi yake msumarini. Mtutu wa bunduki ulimfuata hatua kwa hatua lakini haukumzuia, kwa kuwa kumpangusa Mkuu ilikuwa kazi yake kisheria. Alipangusa bega la kulia, akapangusa la kushoto. Kisha akaliinua koti kama anayetaka kulikung'uta, akaliacha limwangukie mabegani, akapitisha mkono mmoja, akapitisha wa pili, akafunga vifungo mpaka cha mwisho. Koti lilimpwaya. Akaketi kitini, mbele ya swichi, akanyoosha mgongo.

"Koplo Mtweve."

Visigino vya Koplo viligongana vyenyewe. "Naam, Mkuu!"

"Zima."

Macho ya Koplo yalikuwa kwenye kola ya koti, na kwenye kola yalibaki. Hayakupanda usoni hata kidogo. "Hilo ni neno la Mkuu?"

"Unamwona nani hapa?"

Pampu ilinguruma, maji yalipiga bati la Bi Kidawa, na mtu mmoja huko nje alianza kusoma dua. Machozi yalimtoka Koplo Mtweve. "Namwona Mkuu," alisema. "Wallahi, simwoni mwingine." Akageuka, akabonyeza.

Pampu ilipiga chafya mara moja ikanyamaza.

Tangi halikupasuka. Lilitema maji kwenye ufa ule mpaka jioni, likaloanisha kitanda cha Bi Kidawa na kuku wake wawili, kisha likatulia. Mwanamkasi alikaa ndani ya koti lile, na Injinia Rutatora, aliyekuwa amesimama ukutani na mikono yake mitupu, alimwambia, "Limekukaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi."

*

Tukio sasa lilikuwa limetokea, kwa hiyo kamati iliundwa. Ilikuja Bondeni na viti vyake, ikatandika makoti kwenye viti, na wajumbe wachache waliobaki wakauliza maswali.

"Koplo, nani alitoa amri?"

"Koti, mheshimiwa."

"Wananchi, nani alitoa amri?"

"Kotiii!" waliitikia wananchi, wengine kwa woga na wengine kwa kumlinda binti yao.

Mwanamkasi alisimama. Angeweza kukaa kimya, lakini nimeshasema alikuwa mwepesi wa hasira. "Ni mimi. Nililivaa. Nilikuwa ndani."

Wajumbe walitazamana kama watu waliosikia mtoto akitukana. Bwana Makalanga, aliyekuwa mwenyekiti, alimjibu kwa upole. "Mama, tunaelewa umepata mshtuko. Lakini si vizuri kujitwalia sifa za kiongozi wako. Kaa chini."

"Nasema nilikuwa ndani yake!"

"Ndani ya uongozi hakuna mtu, mama. Ndiyo maana ni nafuu. Kaa."

Hapo Injinia Rutatora naye alisimama, akasema anathibitisha, kwa kuwa yeye ni Mkuu wa Teknolojia na aliona kwa macho yake. Huyo hakuambiwa akae. Alikamatwa palepale kwa kosa la kujifanya koti, akapelekwa kulinda lile ziwa, na nasikia yeye na yule rafiki wa Koplo wanasikilizana sana.

Koti lilivishwa nishani mbele ya umma, bendi ikapiga, na Waziri wa Mambo ya Kisasa akalihutubia kwa machozi. "Halikulala, halikula, halikuomba likizo!" alisema. "Koti moja limeokoa mtaa mzima! Sasa ndugu zangu, kama koti zima lina uwezo mkubwa hivi, kwa nini taasisi ndogo ibebe gharama ya koti zima?" Na kwa kuwa huyo ni mtu wa vitendo, makoti yote ya nchi yalirudishwa kwa mafundi cherehani, yakakatwakatwa. Mwenye kiwanda cha mikate alipata mfuko. Zahanati ilipata kola. Bondeni ililetewa mkono wa koti, wa kushoto, ndani ya bahasha yenye muhuri wa lakiri, na barua ya kuipongeza kwa kupandishwa daraja.

Ufa ulizibwa. Kifaa kipya kilitumbukizwa tangini, ndugu wa yule wa kwanza. Na kibomba cha pembeni kilibaki na saruji yake.

Haukupita muda. Mwanamkasi alikuwa sokoni, hajala tangu alfajiri, alipousikia tena ule ukelele kutoka juu kabisa, karibu na kilima. "Limejaaa!" Alisimama na kapu lake mkononi, akangoja kimya kile cha siku ile. Lakini jirani wa kwanza aliupokea. Wa pili akaupokea. Ukelele uliteremka nyumba kwa nyumba, ingawa ulikuwa marufuku, ukampita pale sokoni akiwa tayari anakimbia.

Koplo Mtweve alikuwa mbele ya swichi, mkono wa koti umetundikwa kitini kwa pini. "Katibu, hapa kuna tatizo," alisema kwa uchungu. "Huu ni wa kushoto. Na Mkuu hawezi kutoa amri kwa kushoto, si adabu. Wa kulia uko mkoa mwingine."

Mwanamkasi hakubishana. Aliuchukua ule mkono wa koti, akaugeuza nje ndani, bitana ikawa juu, na wa kushoto ukawa wa kulia. Aliuvaa akanyoosha kidole, na Koplo Mtweve akausimamia wima, akaupigia saluti mpaka pampu iliponyamaza.

Kimya kiliupanda mtaa mpaka juu. Kisha dirisha la karibu na tangi likafunguliwa.

"Nani kazima?" aliuliza Bi Kidawa kwa sauti yake yote.

Swali lilishuka nyumba kwa nyumba mpaka kisimani, na jibu likapanda kwa njia ileile, kwa vinywa vya wanaocheka na vya wanaoogopa. "Kotiii!"

Bi Kidawa alilipokea jibu, akalitafakari kidogo pale kitandani.

"Basi liambieni hilo koti lipite huku lile," alisema. "Tangu asubuhi halijatia kitu mdomoni."